Upande Uliokosekana: Maoni juu ya Lugha ya Mzingo katika Hisabati za Shule

Miongoni mwa mazoezi ya hisabati yanayofahamika sana katika shule za msingi za Tanzania, liko moja ambalo kila aliyepita darasani hulikumbuka. Mwanafunzi huonyeshwa umbo lenye pande sita, mfano wa mstatili uliokatwa pembe moja. Pande nne zimeandikiwa urefu wake. Mbili hazikuandikiwa kitu. Kisha huambiwa atafute pande zilizokosekana, na mwisho atafute mzingo wa umbo lote.

Zoezi hili halikuwekwa kwa anasa. Ndilo linalomtoa mtoto katika nchi ya maumbo yenye majina, kama mraba, mstatili na pembetatu, na kumwingiza katika nchi ya maumbo yasiyo na majina. Mashamba, viwanja na vitalu vya wanadamu aghalabu vimo katika nchi hii ya pili. Mtu anayetoka Shinyanga mjini kwenda Kahama, kisha akashika njia ya Geita, hupita mashamba mengi yasiyo mraba wala mstatili: hili limepakana na korongo, lile limekatwa na barabara, na la tatu limepoteza pembe yake kwa mgodi au kwa ndugu wa marehemu. Kwa sababu hiyo zoezi hili linastahili kuchunguzwa, na uchunguzi wake ni haki ya wanalugha kama ulivyo haki ya wanahisabati, kwa kuwa huja kwa mwanafunzi kwa maneno kabla halijamjia kwa tarakimu.

Wanafunzi wanaposhindwa katika somo hili, hukumu hutolewa kwa njia mbili. Wako wasemao kuwa vichwa vya watoto ni vizito. Wako pia wasemao kuwa Kiswahili ni fukara, hakina maneno ya elimu ya maumbo, na kwamba dawa ni kuhamia lugha ya kigeni mapema iwezekanavyo. Makala haya yanadai kuwa hukumu zote mbili zimekosea mahali. Maneno yapo, na mengi ni mazuri. Kilicho na kasoro ni sentensi: namna swali linavyoundwa, na mambo linayoyanyamazia.

Maneno yaliyopo

Yafaa kuanza na sifa kabla ya lawama. Neno *mzingo* limeundwa kwa kitenzi *zinga*, ambacho maana yake ni kwenda kwa kuzunguka. Na kitenzi hicho ni asili ya *zingira*, na cha mwisho ni asili ya *mazingira*. Anayelisikia neno hili husikia ndani yake mwendo wa kukizunguka kitu mpaka kurudi ulipoanzia. Neno *mzunguko* lingeweza kupewa kazi hiyo, lakini lina kazi nyingi tayari: kuna mzunguko wa damu, mzunguko wa fedha na mzunguko wa gurudumu. Waliochagua *mzingo* walichagua vema.

Hali kadhalika *eneo* limetokana na *enea*, nalo hutaja kile kinachofunikwa. *Kimo*, *kitako* na *pembetatu* ni maneno yanayojieleza. *Mraba* na *mstatili* yalitoka katika Kiarabu, na wasemaji wameyazoea kiasi cha kuyasahau asili yake. Kazi ya kuyakusanya na kuyasanifu maneno ya namna hii ilianza tangu Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Baadaye ilishikwa na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 shule za msingi za serikali zimefundisha hisabati kwa Kiswahili. Lugha iliyofanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne haiwezi kusemwa kuwa haina maneno.

Upande ambao haukukosekana

Sasa litazamwe swali lenyewe. Umbo ABCDEF limechorwa kwa pembe za mraba. Kutoka A kwenda B, mashariki, ni mita 120. Kutoka B kwenda C, kaskazini, ni mita 50. Kutoka C kwenda D, magharibi, hakuna tarakimu. Kutoka D kwenda E, kaskazini tena, ni mita 40. Kutoka E kwenda F, magharibi, ni mita 75. Kutoka F kurudi A, kusini, hakuna tarakimu. Swali husema: "Tafuta pande zilizokosekana, kisha tafuta mzingo."

Kitenzi *kosekana* ni mwenzake *patikana*, tena ni kinyume chake. Sukari ikikosekana dukani, hakuna sukari. Shahidi akikosekana barazani, kiti chake ki tupu. Mtoto wa Kishapu au Nyarugusu, ambaye pengine alianza kusema kwa Kisukuma na Kiswahili akakikuta baadaye, hujifunza maana ya kitenzi hiki kwa matumizi ya kila siku, wala hana maana nyingine ya kukipa. Anapoambiwa kuwa pande mbili zimekosekana, naye anaziona kwa macho zimechorwa kwa wino mweusi, hana budi kuamini kimojawapo: macho yake au maneno ya kitabu. Akiamini maneno, atazihesabu pande zilizopo tu, yaani 120 na 50 na 40 na 75, apate mita 285. Jibu hilo ni kosa. Lakini ni kosa la utii: ameambiwa pande mbili hazipo, naye amejumlisha zilizopo.

Ukweli ni kwamba upande wowote ungekosekana, umbo lingekuwa wazi kama zizi lisilo na lango, wala lisingekuwa na mzingo wa kutafutwa. Kilichokosekana ni habari ya upande. Kiswahili kina njia nyepesi ya kulisema hilo: *pande zisizotajwa urefu*. Kitenzi *taja* kina faida mbili. Kwanza, hakiutilii shaka upande kuwapo. Pili, humdokeza mwanafunzi kuwa kunyamaza ni kwa mwandishi wa swali, na kwamba habari iliyonyamaziwa huenda imo katika habari zilizosemwa. Kwa hakika hesabu yote ya somo hili ndiyo hiyo: kuyatoa yasiyosemwa katika yaliyosemwa.

Liko pia suala la *urefu*. Mwanafunzi amefundishwa kuwa mzingo wa mstatili ni mara mbili ya urefu na upana. Hapo urefu ni upande mkubwa, na upana ni mdogo. Kisha kitabu humwambia ataje "urefu wa kila upande", na hapo urefu ni kipimo cha mstari wowote, mkubwa au mdogo. Hata upana una urefu wake. Tena nje ya darasa mrefu ni mtu au mti aliyesimama. Lugha haikosi kwa kulipa neno moja kazi tatu, kwani kila lugha hufanya hivyo. Kosa ni la mwandishi anayezichanganya kazi hizo katika swali moja bila kumwonya msomaji. Umbo la pande sita halina urefu mmoja wala upana mmoja. Anayejaribu kulitia katika kanuni ya mstatili bila kupewa sababu ya kufanya hivyo huchukua tarakimu mbili zozote zilizo karibu.

Duara lenye pande nne

Katika ukanda wa dhahabu tatizo la maneno lina sura nyingine, ambayo vitabu vilivyoandikwa mbali haviijui. Katika hisabati, *duara* ni umbo la mviringo ambalo ukingo wake wote una umbali mmoja kutoka katikati. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, Mgusu, Rwamagasa, Nyarugusu na kwingineko, *duara* ni shimo la kuchimbia dhahabu. Mwenye shimo ni mwenye duara. Anayeshuka kuchimba hushuka duarani. Na mgawo wa mawe yenye dhahabu huhesabiwa kwa duara. Tena mdomo wa shimo hilo mara nyingi una pande nne, kwa kuwa miti ya kuuzuia udongo usiporomoke, iitwayo matimba, ni rahisi kupangwa kwa pembe za mraba.

Basi mtoto wa mchimbaji huja shuleni akijua duara lenye pande nne. Mwalimu mgeni atacheka, naye atakosea kucheka. Neno limehama maana kwa njia iliyo halali katika lugha zote: jina la umbo limekuwa jina la kitu, kisha kitu kimebadili umbo na jina limebaki. Mwalimu mwenye busara atalichukua neno hilo na kulifanyia kazi. Atauliza: duara hili likiwa na mdomo wa mita 1 kwa mita 1 na nusu, miti ya kuuzunguka mdomo mara moja inahitaji jumla ya urefu gani? Jibu ni mita 5, na hapo mzingo umeingia darasani kwa mlango wa nyumbani. Baada ya hapo ndipo aseme kuwa shuleni neno lilelile lina maana nyingine, na aionyeshe. Mtoto hatashindwa kuzishika maana mbili, maana anaishi kati ya lugha mbili kila siku.

Kwenda na kurudi

Kasoro kubwa kuliko zote, hata hivyo, haimo katika neno lolote. Imo katika kunyamaza kwa vitabu juu ya sababu. Mwanafunzi huambiwa kuwa upande usiotajwa hupatikana kwa "kutoa" au kwa "kujumlisha". Lakini wakati gani atoe, na wakati gani ajumlishe, huachiwa ajifunze kwa kukisia. Kumbe sababu ni moja, nayo ni nyepesi kusemwa kwa Kiswahili: *anayezunguka na kurudi alipoanzia, alivyokwenda mashariki ndivyo alivyorudi magharibi; na alivyopanda kaskazini ndivyo alivyoshuka kusini.*

Kwa kanuni hiyo, umbo lililotajwa juu linafunguka lenyewe. Safari ya mashariki ni moja tu, mita 120. Safari za magharibi ni mbili, na moja imetajwa kuwa mita 75. Basi nyingine haina budi kuwa 45. Safari za kaskazini ni mbili, 50 na 40. Safari ya kusini ni moja, basi ni 90. Mwanafunzi hakuulizwa atoe au ajumlishe. Aliulizwa arudi nyumbani. Jumla ya mzingo ni 120 na 50 na 45 na 40 na 75 na 90, yaani mita 420.

Msomaji na aitazame jumla hiyo mara ya pili. Kama mashariki ni sawa na magharibi, na kaskazini ni sawa na kusini, mzingo wote ni mara mbili ya 120 na 90, yaani 420 ileile. Hiyo ndiyo kanuni ya mstatili mzima, usiokatwa pembe. Maana yake ni kwamba mwenye kutaka mzingo wa umbo hili hakuhitaji kuujua upande wa C kwenda D hata kidogo. Swali lilimtuma mwanafunzi atafute kitu ambacho jibu halikukihitaji, wala halikumwambia jambo hilo. Hapo ndipo zoezi linapokuwa kama safari ya kuvuka mto kufuata kuni, na kuni zimejaa ukingo huu.

Kuunganisha na kumega

Jambo hilo si mchezo wa tarakimu, kwa kuwa ndani yake mna habari inayomhusu kila mwenye ardhi. Vitabu huyaita maumbo haya maumbo yaliyounganishwa, na humfundisha mtoto kuyagawa katika mistatili miwili. Njia hiyo inafaa sana kwa eneo. Kwa mzingo ni mtego. Umbo letu likigawanywa kuwa mstatili wa 120 kwa 50 na mstatili wa 75 kwa 40, mizingo yake ni 340 na 230, jumla 570. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa umbo "limeunganishwa" atajumlisha, atakuwa amezidisha kwa mita 150, na hataambiwa ni kwa nini. Sababu ni kwamba mstari wa ndani wa mita 75 umehesabiwa mara mbili, nao si ukingo. Ni kama mtu aliyeweka ua kati ya chumba na chumba katika nyumba yake mwenyewe.

Kiswahili kina kitenzi kingine, nacho ni *mega*. Tonge humegwa katika ugali, shamba humegwa, hata mikoa humegwa. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita uliundwa kwa nchi zilizomegwa katika Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mwaka huohuo sehemu ya mashariki ya Shinyanga ilimegwa ikaingia katika mkoa mpya wa Simiyu. Watu wa huko hawahitaji kufundishwa kumega. Umbo la pande sita, basi, lisemwe kuwa ni *mstatili uliomegwa pembe*, na mara moja swali la maana hujitokeza: alipomegwa huyu, amepoteza nini?

Vijijini ekari huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa hatua 70. Ni kadiri ya makisio, lakini ndiyo inayotumika, nayo ina faida ya kuhesabika kwa miguu. Na achukuliwe mkulima mwenye shamba la mraba, hatua 140 kila upande. Ana ekari 4, na mzingo wake ni hatua 560. Pembe moja ya ekari 1 ikimegwa, atabaki na ekari 3. Akizunguka mpaka wake mpya kwa hatua, akafuata kona zote za ndani na nje, atahesabu hatua 560. Hakuna hata hatua moja iliyopungua. Akiwa hakufundishwa chochote ila kuzunguka na kujumlisha, ataambiwa kuwa hakuna kilichopungua, na hesabu yake mwenyewe itamshuhudia adui.

Hali nyingine ni mbaya zaidi. Ekari ileile ikimegwa katikati ya upande mmoja badala ya penye pembe, shamba litabaki ekari 3, lakini mzingo utakuwa hatua 700, kwa sababu mpaka utaingia ndani hatua 70 na kutoka hatua 70. Aliyetaka kupanda ua wa minyaa, kama walivyozoea watu wa Usukuma, atahitaji minyaa mingi zaidi kuzunguka ardhi ndogo zaidi. Na shamba jembamba la hatua 245 kwa 35 lina mzingo wa hatua 560 pia, sawa na lile la kwanza la ekari 4. Lakini eneo lake halifiki ekari 2.

Habari hii ni ya zamani, wala haikutoka kwa wakulima peke yao. Herodotus alisimulia kuwa huko Misri mfalme aliwagawia watu ardhi kwa vipande sawa na kuwatoza kodi. Mto ulipomega kipande cha mtu, alikwenda kutoa taarifa, na wapimaji wakatumwa wapime kilichopungua ili kodi ipunguzwe kwa kadiri yake. Katika simulizi hilo Herodotus aliona chanzo cha elimu ya maumbo: elimu ilianza kwa kupima hasara. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa lugha huko Roma katika karne ya kwanza, aliwaonya wanafunzi wake kuwa watu wengi hudhani maumbo yenye mizingo sawa yana maeneo sawa, na akasema kuwa wanahistoria walilaumiwa kwa kuupima ukubwa wa visiwa kwa muda wa kuvizunguka kwa chombo. Katika karne ya tano Proclus aliandika juu ya watu walioshirikiana ardhi, na wengine wakawapunja wenzao kwa kuwapa vipande vyenye mzingo mkubwa na eneo dogo, huku wao wakisifiwa kwa uaminifu. Yafaa kuzingatia kuwa Quintilian hakuwa mwanahisabati. Alikuwa mtu wa lugha, na aliyaweka maneno hayo katika kitabu cha kumlea msemaji, kwa kuwa msemaji asiyeyajua hudanganywa barazani.

Kwa nini hili lina uzito Shinyanga na Geita

Hakuna nchi nyingi ambazo ndani yake mipaka imehama mara nyingi kama ukanda huu. Almasi iligunduliwa Mwadui mwaka 1940, na eneo la mgodi likazungushiwa ulinzi. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu enzi ya ukoloni hadi miaka ya 1960, kisha mgodi mkubwa wa siku hizi ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Kila badiliko lilileta bikoni mpya, na kila bikoni ilikuwa ni pembe ya umbo fulani ambalo mtu fulani alipaswa kulielewa.

Nje ya migodi iko habari ya ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioendeshwa kati ya mwaka 1986 na 2004, ulizifufua ngitili katika vijiji vingi. Ngitili hufuata kilima, njia ya ng'ombe na mkono wa korongo. Haina pande zenye tarakimu. Kuilinda ni kazi ya mzingo, maana mlinzi huzunguka. Kuitegemea ni kazi ya eneo, maana ng'ombe hali ukingo peke yake. Kijiji kisichotofautisha mambo haya mawili hakiwezi kujua kama ngitili yake imepungua.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitaja kwa maneno yaliyo wazi kuwa fidia na iwe kamili, ya haki na ya haraka. Lakini fidia ya shamba hutazama eneo, na mwenye shamba mara nyingi huujua mpaka wake kwa miguu, yaani kwa mzingo. Mtu anapotia sahihi au dole gumba chini ya mchoro wenye pande sita au nane, elimu inayomlinda kwanza ni ile aliyoipata shuleni kwa zoezi hili. Kama zoezi lilimfundisha kujaza tarakimu katika nafasi tupu tu, ataviona viwango vimejazwa na ataridhika. Kama lilimfundisha kuuliza kilichomegwa, atauliza.

Majibu kwa wapinzani

Huenda mwalimu akasema kuwa watoto hufanyiwa mtihani kwa lugha ya vitabu, na kwamba akiwafundisha *kumega* na *kurudi*, watashindwa kuielewa *kukosekana* watakapoikuta. Hoja hii ina haki, na jibu lake ni kwamba mwalimu na afundishe yote mawili. Aseme: "Kitabu husema upande umekosekana, maana yake ni kwamba urefu wake haukutajwa." Sentensi moja yatosha. Hata hivyo lawama ya msingi ni ya watunga vitabu na watunga mitihani, kwa kuwa wao wanaweza kulibadili neno kwa kalamu, na mwalimu hawezi.

Huenda mwingine akasema kuwa kasoro hizi zote zingeondoka kama hisabati zingefundishwa kwa Kiingereza tangu mwanzo. Huyo na akumbushwe kuwa kasoro ya *kukosekana* ilizaliwa na tafsiri. Kiingereza nacho huuita upande huo kwa neno linalotumika kwa kitu kilichopotea, na mfasiri alilihamisha neno bila kulipima. Kumpeleka mtoto kwenye lugha iliyotoa kosa si kumtoa kwenye kosa. Ni kumpeleka mahali ambapo hataweza hata kuliona, maana haijui lugha hiyo kwa kiasi cha kuipinga. Mtoto anayefundishwa kwa lugha anayoimudu hupata silaha moja ambayo mwingine hana: anaweza kusema, "Mwalimu, upande huu upo."

Yanayopendekezwa, basi, ni machache. Maswali yaseme *pande zisizotajwa urefu*. Sababu ya kwenda na kurudi ifundishwe kabla ya kutoa na kujumlisha. Neno *urefu* lisitumiwe kwa maana mbili katika swali moja. Maumbo yasemwe kuwa yamemegwa pale yalipomegwa, na kuunganishwa pale yalipounganishwa. Na kila swali la mzingo wa umbo la namna hii lifuatwe na swali la eneo lake, ili mwanafunzi aone kwa mkono wake kuwa kimoja chaweza kusimama huku kingine kikianguka.

Hakuna hata pendekezo moja kati ya haya linalohitaji neno jipya. Maneno yote ni ya zamani, na mengine hutumiwa kila siku na watu ambao hawajapata kufungua kitabu cha hisabati. Kazi iliyobaki ni ya waandishi: kuyaweka katika sentensi zinazosema kweli.